Gauni Lirudiwe, Hesabu Itolewe

Kadi ya mwaliko huja na bei ya meza, jina la mgeni rasmi na rangi ya mavazi. Safari hii kijani cha zumaridi. Mara iliyopita ilikuwa dhahabu. Kisichoandikwa kwenye kadi ni kiasi cha fedha kilichopatikana mara iliyopita, na kilikokwenda.

Tunazisema hafla za hisani za mahoteli makubwa, zile zenye zulia jekundu, mnada wa picha za kuchora na wanamitindo waliopangwa mlangoni kupokea wageni. Siku hizi baadhi yake zimejibandika na jina la mitindo endelevu. Hatuna ugomvi na hisani, na wanamitindo tunawapenda. Kinachotuchosha ni usiku unaohubiri utunzaji wa mazingira huku ukiulazimisha ukumbi mzima kushona nguo mpya, ukachangisha kwa jina la wagonjwa au wanafunzi, halafu ukanyamaza hadi kadi nyingine itoke.

Dawa inajulikana. Watu waje na nguo walizonazo, na hesabu isomwe hadharani. Mwenye nguvu ya kuyadai yote mawili ni mwanamitindo mwenyewe, kwa sababu sura yake ndiyo inayouza meza. Akisema siji, bango linabaki na picha ya maua.

Anayedhani tunakuza mambo aangalie yaliyotokea Uingereza. Naomi Campbell, mmoja wa wanamitindo mashuhuri kuliko wote duniani, alianzisha Fashion for Relief mwaka 2005 baada ya kimbunga Katrina kuipiga Marekani. Kwetu si mgeni: amekuwa akija Malindi kwa miaka, na Januari 2021 Kenya ilimtangaza balozi wa utalii wake, Wakenya wengi wakahoji kwa nini hakuteuliwa mwenzao. Shirika lake liliandaa maonyesho ya mavazi ya kuchangisha fedha, ya Cannes na London yakiwemo, na watu wenye majina walipanda jukwaani bila kubembelezwa. Picha zilikuwa nzuri sana.

Novemba 2021 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales ilifungua uchunguzi. Ripoti ikatoka Septemba 2024. Kati ya Aprili 2016 na Julai 2022, asilimia 8.5 tu ya matumizi yote ya shirika ilikuwa ruzuku kwa kazi za hisani. Yaani katika kila pauni 100 zilizotumika, waliokusudiwa walipata pauni 8 na nusu. Ndege ya kupeleka vitu vya sanaa na vito kutoka London hadi Nice, kwa ajili ya hafla ya Cannes ya 2018, ilikula euro 14,800. Hoteli ya Campbell kwa usiku tatu mjini Cannes ilikuwa euro 9,400, na mbali na hiyo zipo gharama za spa, chakula cha chumbani na sigara. Bodi ilijitetea kwamba hoteli kwa kawaida hulipiwa na mfadhili. Tume ikasema ushahidi haukuletwa. Shirika lilikuwa limeshafutwa kwenye rejesta Machi 2024, na Campbell akazuiwa kukaa kwenye bodi ya shirika lolote la hisani kwa miaka 5. Alikata rufaa, na haki yake ya kusikilizwa ibaki palepale.

Alichokisema mwenyewe ndicho kinachotuhusu. Alisema yeye alikuwa sura ya shirika, na uendeshaji aliuacha mikononi mwa mwanasheria. Kama ni kweli au si kweli, hiyo ni kazi ya waamuzi. Lakini tuchukue kwamba ni kweli tupu. Maana yake ni kwamba mtu ambaye jina lake liliuza kila tiketi hakujua daftari lina nini. Na hali hiyo haiko London peke yake. Binti wa Kinondoni anayeitwa Jumamosi kupamba hafla ya moyo, saratani au fistula yumo mlemle. Fedha tu ndizo zinazopungua. Anajua saa ya kufika na rangi ya viatu. Muulize nani atapokea fedha, atakuelekeza kwa mshehereshaji.

Na tusiambiwe kwamba kutoa hesabu ni utaalamu wa kigeni. Harusi ya kawaida ya Dar es Salaam ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Kila mchango unaandikwa: nani kaahidi, kalipa lini, kabakiza ngapi. Shughuli ikishapita watu wanakutana mara ya mwisho kuvunja kamati. Wanakula, wanakunywa, mweka hazina anasoma mapato na matumizi. Mjomba mmoja anauliza mbona chakula kimezidi makadirio, anajibiwa, anauliza tena. Kilichobaki wanakabidhiwa maharusi. Hakuna mkaguzi aliyetoka nje wala kanuni iliyobandikwa ukutani. Watu wanaomsimamisha mweka hazina kwa ajili ya kreti mbili za soda ndio haohao wanaolipa mamilioni kwa meza ya hisani na kuondoka na mfuko wa zawadi, bila hata swali.

Sheria ipo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inataka taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Vizuri. Lakini faili lililoko kwa Msajili halimfikii aliyenunua meza namba saba, na hafla nyingine haziandaliwi na shirika lenyewe. Zinaandaliwa na kampuni ya matukio inayokusanya kwa niaba yake. Hapo katikati ndipo fedha zinapopenda kupotea, na si lazima ziibwe. Zinalipia maua.

Tuiangalie ile hundi ya mfano, ubao wa kushikwa na watu wanne ambao hupigwa picha saa nne usiku. Tarakimu iliyoandikwa pale mara nyingi ni jumla ya ahadi. Mtu kanyoosha mkono, mshehereshaji katangaza milioni kumi, makofi, kamera. Wiki tatu baadaye simu yake inaita tu. Ndani ya jumla hiyohiyo bado hakijakatwa chochote: ukumbi, muziki, mapambo, chakula, ulinzi, warembeshaji, tiketi za ndege za wasanii. Kinachofika hospitali ni kitu kingine kabisa, na ndicho ambacho hakina picha.

Tunachokidai kinaenea kwenye karatasi moja. Zilizoahidiwa ni kiasi gani, zilizolipwa ni kiasi gani, hafla yenyewe imekula kiasi gani, zilizopelekwa ni kiasi gani, kwa nani na tarehe ipi. Aliyepokea aweke saini. Itoke ndani ya siku 30, na itoke kwenye ukurasa uleule uliojaa magauni, kwa sababu huko ndiko walikotuita. Karamu ya Met Gala kule New York, yenye mbwembwe kuliko zote, inachangia idara ya mavazi ya jumba la makumbusho. Unaweza kuuliza kama kuhifadhi magauni ni hisani, swali zuri. Lakini mapato yao hawayafichi: mwaka 2025 tiketi moja ilikuwa dola 75,000 na wakatangaza kukusanya dola milioni 31. Waandaaji wa kwao wanataja, mwandaaji wetu wa hafla ya milioni arobaini za shilingi anasema hesabu ni siri ya ofisi.

Mwanamitindo anaanzaje? Kwa ujumbe mmoja wa simu kabla ya kukubali: "Habari dada, asante kwa kunikumbuka. Naomba hesabu ya hafla iliyopita na jina la atakayepokea fedha za safari hii. Nikizipata nathibitisha." Hakuna tusi hapo. Mwandaaji mwenye karatasi yake ataituma jioni ileile. Asiyekuwa nayo atakasirika, na hasira yake ni jibu tosha.

Tuje kwenye gauni. Rangi ya shughuli huamuliwa na watu watatu kwenye kikao, lakini inampeleka kila mgeni Kariakoo. Mwenye gauni jeusi zuri kabatini analiacha, anatafuta la zumaridi, analivaa kwa saa tano, basi. Lile la kumetameta mara nyingi ni polyester iliyoshonewa vidoti vya plastiki, na polyester yenyewe hutokana na mafuta ya petroli. Halifuliki kirahisi, pasi hulisogezei, kazini halifai, msibani ndiyo kabisa. Bibi zetu doti moja ya khanga waliivaa, wakabebea mtoto, wakajifunika usingizini, na ikichoka ikawa tambara la kudekia. Hakuna aliyewaita jukwaani kupokea tuzo.

Futeni rangi ya shughuli. Andikeni kwenye kadi: njoo na vazi ulilowahi kuvaa. Ni mstari mmoja, hauna gharama, na unafanya kazi kuliko hotuba nzima ya mgeni rasmi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, hotuba ambayo kwa kawaida husomwa mbele ya chupa za plastiki za maji, mbili kwa kila kiti.

Tunajua kinachozuia. Picha. Gauni likishaonekana mtandaoni linahesabiwa limekufa, na anayelirudia ataambiwa analo hilohilo. Wanaume wa ukumbi uleule wamevaa suti nyeusi ya tangu harusi yao na hakuna anayewahoji. Aibu hii imeshonwa kwa kipimo cha wanawake tu, na wa kwanza kuivua ni yule ambaye watu wanamwangalia kwa kazi. Mwanamitindo akirudia gauni mara tatu msimu mmoja, na akasema wazi kwamba analirudia, dada yake wa Singida anayemfuatilia kwenye simu atapumua.

Na haitakuwa mara ya kwanza. Mchekeshaji Tiffany Haddish wa Marekani alinunua gauni jeupe la Alexander McQueen kwa zaidi ya dola 4,000. Akalivaa kwenye uzinduzi wa filamu mwaka 2017, akalivaa tena mwaka huohuo alipoongoza kipindi cha Saturday Night Live, akalivaa tena kwenye tuzo za Oscar mwaka 2018, na alisema bila kupepesa kwamba kwa bei ile hawezi kulivaa mara moja. Jane Fonda alipanda jukwaa la Oscar mwaka 2020 na gauni jekundu alilolivaa Cannes mwaka 2014. Hakuna aliyekufa. Ukitaka kinyume chake, chukua gauni la Emma Watson la Met Gala ya 2016, lililofumwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki. Kazi ya ustadi, na lilibuniwa ili vipande vyake viweze kuvaliwa kimoja kimoja. Lakini kwa fundi wa Manzese na mteja wake, somo jepesi ni la Haddish.

Wanamitindo watatuambia, na wana haki, kwamba gauni si lao. Ni la mbunifu, limeazimwa kwa usiku mmoja, asubuhi linarudi. Kuazima ni jambo jema, basi lisemeni. Andikeni chini ya picha: nimeliazima kwa fulani, lilivaliwa na fulani mwezi wa tano. Mbunifu atatajwa mara mbili kwa gauni moja. Na yule binti anayekopa kwenye kikoba ili afanane na wewe atajua kwamba hata wewe hukununua. Ukimya huu ndio unaowagharimu wengine. Mtu anashindana na kabati ambalo halipo.

Asiye na wa kuazima kwake, masoko yapo. Mchikichini, Gikomba, Owino: belo likifunguliwa alfajiri, magauni ya jioni hutoka humo kila wiki, mengine na lebo yake ya dukani. Fundi wa pembeni atabana kiuno, atakata mkono, atapunguza mkia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipungue hadi ikome mwaka 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakapeleka malalamiko serikalini kwao mwaka 2017, AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ikawekwa mezani, wengine tukarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, uliokuwa umepanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru kupitia AGOA. Kuhusu nani alikuwa sahihi tutabishana siku nyingine. Lakini eneo lililogombana na dunia kwa sababu ya nguo zilizotupwa na wengine haliwezi kuwa na raha ya kutengeneza zake za kutupa, kila Jumamosi, kwa jina la hisani.

Tena pamba ni yetu. Inalimwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza, na nyingi yake inaondoka nchini ikiwa haijafumwa. Meatu wapo wakulima wanaolima pamba ya kilimo hai kupitia mradi wa bioRe tangu miaka ya 1990. Ukisikia usiku wa mitindo endelevu umepita Dar es Salaam, uliza jambo moja tu: kwenye jukwaa lile, gauni la pamba ya nyumbani lilikuwa ngapi?

Jambo jingine tulipitie haraka, maana halihitaji maneno mengi. Kwenye hafla hizi mwenye ukumbi analipwa, mwenye spika analipwa, mpambaji analipwa. Mwanamitindo na mbunifu chipukizi wanaambiwa wao wajitolee, watapata jina. Walipwe. Wakitaka kuchangia malipo yao, watayachangia wenyewe na waandikwe kwenye daftari kama wachangiaji wengine.

Wapo walioona kwamba zulia jekundu ni mlango tu, kazi iko ndani. Liya Kebede wa Ethiopia alikuwa balozi wa Shirika la Afya Duniani kwa afya ya mama na mtoto kuanzia 2005. Mwaka 2007 akaanzisha lemlem, nguo zinazofumwa kwa mkono na mafundi wa nchini kwake, kwa sababu aliwaona wafumaji wa kiume wakikosa soko. Fedha inapita kwenye kitanda cha mfumi kabla ya kufika kwenye picha. Hapa kwetu Flaviana Matata, Miss Universe Tanzania wa 2007, ana taasisi yake tangu 2011 inayoshughulikia elimu ya wasichana, na imefanya kazi ya kukarabati Shule ya Msingi Msinune, Bagamoyo. Shule ni kitu cha kupanda daladala ukakiangalie. Hatusemi kila mrembo afungue taasisi. Taasisi zimekuwa nyingi kuliko hesabu zake. Tunasema akikopesha sura yake kwa jambo, jambo hilo liweze kuonekana na kuguswa mwaka unaofuata.

Visingizio tunavijua vyote. Wadhamini watakimbia: benki inayojikagua kila robo mwaka haiwezi kukimbia karatasi moja yenye tarakimu nne. Hafla itapoa: muziki ni uleule na pilau ni lilelile, aliyevaa gauni la mwaka juzi anacheza vilevile. Watu watasema hatukupata kitu: watasema kweli, na mtajua pa kurekebisha.

Kimebaki kimoja, na ndicho kizito. Waandaaji wanasema gharama za hoteli zimepanda mno, ukitoa hesabu ya kweli watu watakata tamaa. Hapo tunakubaliana nao. Karatasi ikionyesha ukumbi umekula kuliko walichopelekewa watoto, mwakani hafla isifanyike. Mwanamitindo aweke picha yake na gauni lake la zamani, chini yake namba ya kuchangia na jina la wodi au shule itakayopokea, watu watume kwa simu walichokuwa walipie meza, na kila mtu ale kwake.